Sukari juu ya liposomu: kufika kwenye ini si kuingia kwenye seli

Kuna hoja moja inayoua mradi wa liposomu zenye sukari, yaani vifuko vya mafuta vya kubebea dawa vilivyopakwa sukari, kabla chupa ya klorofomu haijafunguliwa. Inasema hivi: AmBisome, dawa ya kuvu ya amfoterisini inayobebwa na liposomu, haina sukari yoyote iliyofungwa juu ya utando wake, na bado inaishia ndani ya makrofaji (seli za kinga zinazomeza wageni) za ini na wengu. Dawa za siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) zilizounganishwa na sukari ya GalNAc nazo hufika kwenye ini bila liposomu yoyote. Basi ikiwa mfuko unajifikisha bila sukari, na sukari inajifikisha bila mfuko, kuviunganisha ni kujitafutia gharama. Wenye hoja hii si watu wa kubezwa. Wengi ni wafamasia waliowahi kuchanganya dawa wodini, na katika mji kama Mombasa, ambako friji ya maabara hutegemea jenereta kila stima inapopotea na hewa imejaa unyevu mwaka mzima, anayetetea kitu rahisi anastahili kusikizwa mpaka mwisho.

Shida ni kwamba hoja hiyo inapima jambo moja na kuhukumu lingine. Inapima kufika kwenye kiungo, na sukari haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Kwa anayehitaji kukumbushwa tu: liposomu ni utando wa fosfolipidi, aina ya lipidi yaani mafuta, uliojikunja ukawa mfuko, mara nyingi wa kipenyo cha nanomita 100 hivi. Lektini ni protini inayoshika sukari ya aina fulani na kuziacha nyingine. Sukari ikifungwa kwenye kichwa cha lipidi, mfuko mzima hutambulika na lektini inayoipenda sukari hiyo. Mwilini, lektini mbili ndizo zinazobeba mjadala huu karibu wote: kipokezi cha manosi, CD206, kilicho kwenye makrofaji, na kipokezi cha asialoglikoprotini kilicho kwenye hepatosaiti, zile seli kuu za ini, ambacho hushika galaktosi na GalNAc.

Tuanze na wanaopinga. Rekodi ya soko iko upande wao. Doxil, liposomu ya dawa ya saratani, ilipitishwa Marekani mwaka 1995 ikiwa na koti la PEG (polima inayousaidia mfuko ukae kwenye damu), si sukari. Arikayce, liposomu ya amikasini inayovutwa kwa pumzi, ilipitishwa mwaka 2018 kwa lipidi mbili za kawaida, DPPC na kolesteroli, na makrofaji za mapafu huimeza bila kubembelezwa. Patisirani, dawa ya siRNA ya mwaka huohuo wa 2018, hubebwa na chembe za lipidi ambazo zikiingia kwenye damu huvaa protini iitwayo ApoE, na ni ApoE hiyo inayozifungulia mlango wa hepatosaiti. Mwili wenyewe ndio unaoweka anwani. Upande wa pili wa daftari, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijapitisha hata liposomu moja ya dawa iliyofunikwa kwa sukari ya kutambulika. Ni miaka mingi ya utafiti, na kabati la famasia halina kitu.

Kisha kuna urahisi. Chupa ya AmBisome ya miligramu 50 hutiwa mililita 12 za maji ya sindano, hutikiswa kwa nguvu angalau sekunde 30, hupitishwa kwenye chujio la mikromita 5, huchanganywa na dekstrosi ya 5%, hutundikwa. Muuguzi yeyote aliyefunzwa anaimudu. Tangu jaribio la AMBITION la Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kuchapishwa mwaka 2022, dozi moja ya miligramu 10 kwa kilo pamoja na vidonge vya wiki mbili imetosha kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokokasi. Mgonjwa wa kilo 50 ni chupa 10, siku moja, kwisha. Kwa ugonjwa huu sukari ingekuwa hasara, maana kuvu yuko kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, na manosi ingezidi kuivuta dawa kwenye ini na wengu. Hapo wapinzani wana haki yote.

Lakini si kila ugonjwa unakaa kwenye ubongo. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea vya leishmania, ya Turkana, Baringo, Pokot Magharibi na Wajir hukaa ndani ya makrofaji zenyewe: wengu, ini, uboho. Kwa mgonjwa mwenye kala-azar pamoja na HIV katika Afrika Mashariki, mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 ni jumla ya miligramu 30 kwa kilo, zikigawanywa mara 6, pamoja na miltefosini. Mgonjwa yuleyule wa kilo 50 sasa ni chupa 30. Hapo swali la kiasi gani cha dawa kimeingia kwenye seli yenye vimelea, na kiasi gani kimeishia kwa jirani yake, linakuwa swali la chupa na pesa.

Na kipimo kinachotumiwa kuwakatisha tamaa watu wa sukari hakiwezi kulijibu. Mara nyingi mnyama huchomwa sindano, ini hutolewa, husagwa, dawa hupimwa kwa gramu ya ini. Liposomu tupu na yenye sukari hutoka karibu sawa, na hukumu hutolewa. Ini lililosagwa limechanganya hepatosaiti, makrofaji za Kupffer (zile za ini lenyewe), seli za kuta za mishipa midogo, na dawa iliyokuwa imekwama kwenye damu tu. Liposomu ya nanomita 100 iliyomwagwa kwenye mshipa itafika kwenye ini hata ukiivika nini, kwa sababu damu inapita huko na kuta za mishipa yake zina matundu. Ulichopima ni mzunguko wa damu.

Ushahidi bora wa kinachofanywa na sukari baada ya kufika haukutoka kwenye liposomu. Ulitoka kwenye ugonjwa wa Gaucher, ambapo makrofaji hujaa mafuta kwa kukosa kimeng'enya cha glukoserebrosidasi. Kimeng'enya kilichotolewa kwenye kondo la nyuma kikapewa wagonjwa kilivyo kilifika kwenye ini vizuri kabisa, ila kiliingia zaidi kwenye hepatosaiti, ambazo hazikuwa na shida nacho. Watafiti wakaenda kwenye minyororo ya sukari ya kimeng'enya hicho, wakapunguza ncha zake hatua kwa hatua, asidi ya siali, kisha galaktosi, kisha GlcNAc, mpaka manosi zikabaki wazi. Protini ileile na ini lilelile, lakini sasa seli zilizokichukua zilikuwa makrofaji. Dawa hiyo, aljuserasi, ilipitishwa Marekani mwaka 1991, na mrithi wake imijuserasi mwaka 1994. Mtu akisema sukari haielekezi dawa mwilini mwa binadamu, hapo pana wagonjwa waliotibiwa kwa sukari kuelekeza dawa.

Najua jibu lake: hicho ni kimeng'enya, si liposomu. Kweli. Lakini basi hoja imehama. Haiulizi tena kama utambuzi wa sukari unafanya kazi. Inauliza kama tumejua kuuweka vizuri juu ya mfuko. Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya majaribio yaliyotoka na jibu la "hakuna tofauti" yalijaribu sukari ambayo lektini haikuweza kuiona.

Hesabu ni hii. Liposomu ya nanomita 100 yenye utando mmoja ina molekuli karibu laki moja, lipidi na kolesteroli pamoja. Ukiandika kwenye ripoti kwamba umetia lipidi yenye manosi kwa 5%, una manosi 5,000 hivi kwa kila mfuko. Lakini utando una nyuso mbili. Uso wa nje una nanomita za mraba 31,400. Wa ndani, ukitoa unene wa nanomita 5, ni 25,400. Kwa njia ya kawaida ya kukausha filamu na kuilowesha, sukari hujigawa kufuata nafasi. Kwa hiyo 2,750 ziko nje na 2,250 zimefungiwa ndani, pamoja na dawa, zisikoonwa na yeyote. Asilimia 45 ya kitu cha bei kubwa kuliko vyote mezani imetupwa, na ripoti bado inasema 5%.

Zilizobaki nje nazo si lazima zionekane. Ukiwa umetia PEG ya uzito wa 2000 ili mfuko ukae kwenye damu, PEG hiyo inasimama nanomita 3.5 hadi 5 juu ya utando, kutegemea msongamano wake. Manosi iliyofungwa kwenye kichwa cha lipidi kwa mnyororo mfupi iko chini ya kichaka hicho. Lektini ni protini nene, haipenyi. Umebaki na 5% kwenye karatasi na karibu sufuri kwa lektini. Dawa yake inajulikana, ni kuifunga sukari kwenye ncha ya PEG yenyewe. Ila lipidi ya namna hiyo ni ghali zaidi, na mwenye bajeti ndogo hununua ile fupi na kutumaini.

Halafu umbali. Sukari 2,750 zikitawanyika juu ya nanomita za mraba 31,400, kila moja ina eneo la nanomita za mraba 11 hivi, yaani jirani yake yuko nanomita 3.4 kando. Konkanavalini A, ile lektini ya maabara, ina mashimo manne ya kushikia sukari, yaliyoachana karibu nanomita 6.5. Kwa hiyo mfuko wako utafaulu kwenye kipimo cha lektini hiyo. Kipokezi cha asialoglikoprotini kina mashimo yaliyokaribiana sana, nanomita 1.5 hadi 2.5. Sukari mojamoja zilizoachana nanomita 3.4 huangukia mashimo mawili kwa bahati tu, na mshiko wa galaktosi moja kwenye kipokezi hicho ni dhaifu mno, wa kiwango cha milimolari. Mbili zilizopangwa vizuri hufika mikromolari, tatu, nanomolari, na kadiri kiwango kinavyoshuka ndivyo mshiko unavyokuwa imara. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana dawa za GalNAc zilizofaulu, kama givosirani ya mwaka 2019, hubeba GalNAc tatu kwenye shina moja. Aliyepaka liposomu galaktosi mojamoja, akakosa matokeo kwenye hepatosaiti, kisha akahitimisha kwamba sukari haifai, hakujaribu kile anachokihukumu. Lipidi hutembea ndani ya utando, kweli, na zinaweza kukusanyika chini ya kipokezi. Lakini sukari yenye matawi matatu haihitaji bahati hiyo.

Sasa mezani, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo kabla ya mnyama yeyote. Kwa mililita 2 za lipidi kwa jumla ya milimolari 10 unahitaji mikromoli 20: HSPC, fosfolipidi ya soya, 11 (miligramu 8.6), kolesteroli 8 (miligramu 3.1), lipidi ya manosi 1. Hapa Mombasa kosa la kwanza hutokea kwenye kupima uzito. Chupa ya lipidi ikitolewa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri na kufunguliwa papo hapo, unyevu wa hewa hutulia juu ya unga kama jasho. Uzito unaosoma ni lipidi na maji, na kadiri chupa inavyofunguliwa hivyo mara kwa mara, ndivyo fosfolipidi inavyovunjika polepole na kutoa mnyororo mmoja wa mafuta, na mfuko unaotengenezwa nayo huvuja. Chupa iwekwe kwenye desiketa (chombo cha kuzuia unyevu) imefungwa hadi iwe na joto la chumba, saa moja si nyingi, ndipo ifunguliwe. Bora zaidi, ukiipata mara ya kwanza uiyeyushe yote na kuigawa kwenye vichupa vya kioo vya kutumika mara moja. Vifuniko viwe na teflon. Klorofomu huyeyusha plastiki ya kawaida, na plastiki hiyo huingia kwenye filamu yako.

Klorofomu peke yake haitoshi kwa lipidi yenye sukari. Vikundi vingi vya hidroksili huifanya isiyeyuke vizuri. Hubaki ukutani mwa kichupa kama utando mweupe, na ile 5% inakuwa 3% bila mtu kujua. Tumia klorofomu na methanoli, 2 kwa 1, pasha kidogo, hakikisha mchanganyiko ni mwangavu. Ukaushe kwenye rotari, mashine ya kuvukiza kimiminika, kisha filamu ikae kwenye ombwe usiku kucha. Ukiachilia ombwe, ingiza nitrojeni, si hewa ya chumba. Kulowesha kufanyike kwa nyuzi 60 hadi 65, kwa sababu HSPC hulegea kwenye nyuzi 50 na kitu. Vyumba vyetu vya nyuzi 30 huonekana vya moto lakini kwa lipidi hii ni baridi: sirinji ikipoa katikati ya kusukuma kwenye membreni ya nanomita 100, shinikizo hupanda na membreni hupasuka kimyakimya. Utagundua baadaye tu, chembe zikiwa za nanomita 300. Pitisha kwenye nanomita 200 kwanza, kisha 100, mara 21. Idadi witiri, ili mchanganyiko uishie upande ambao haukuanzia, na takataka zibaki nyuma.

Anayetaka sukari zote ziwe nje atumie njia ya kupachika baadaye. Tengeneza liposomu tupu, kisha zitie kwenye maji yenye miseli (vifundo vidogo vya lipidi visivyo na tundu ndani) za lipidi-PEG-manosi kwa nyuzi 60, saa moja. Lipidi huhama kutoka kwenye miseli na kujichomeka kwenye uso wa nje peke yake. Hasara ya asilimia 45 imekwisha. Lakini lazima mchanganyiko upite kwenye safu ya Sepharose CL-4B, inayotenganisha vitu kwa ukubwa, baadaye. Liposomu hutangulia, miseli hufuata. Miseli zikiachwa, zitashindana na liposomu zako kwa lektini, na utaandika kwamba sukari haikutambulika, kumbe imetambulika pembeni.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi kwamba wakubwa hukidharau: tia konkanavalini A kwenye liposomu zenye manosi, na spektrofotomita isome ukungu unavyopanda kwenye nanomita 400. Lektini yenye mashimo manne hushona mifuko pamoja, na maji hugeuka maziwa. Kwa chuo chochote cha Pwani chenye spektrofotomita ya kawaida, hiki ndicho kipimo cha utambuzi kinachowezekana wiki hii, na konkanavalini A ni kati ya lektini za bei nafuu kabisa. Kwa galaktosi tumia lektini ya njugu. Ile ya mbarika, RCA120, hufanya kazi nzuri, lakini inunuliwe ikiwa imesafishwa na ishikwe kwa tahadhari. Asithubutu mtu kujitolea kuikamua kwenye mbegu, maana mbegu hiyohiyo ina risini.

Kudharauliwa kwake kunatokana na namna kinavyofanywa, si na kipimo chenyewe. Konkanavalini A haishiki sukari bila kalsiamu na manganizi, basi mtu huongeza milimolari 1 ya kila moja kwenye bafa (mmumunyo wa kutuliza pH) ya fosfeti iliyo karibu. Kalsiamu na fosfeti huganda pamoja, ukungu unapanda, furaha inapanda. Hakuna lektini iliyoshika kitu hapo. Tumia bafa ya HEPES milimolari 10 na chumvi milimolari 150, pH 7.4. Kama mfuko wako una lipidi ya DSPG, yenye chaji hasi, kalsiamu peke yake inaweza kuusogeza, kwa hiyo pawe na kichupa chenye kalsiamu bila lektini. Lektini ikizidi nayo hudanganya, kwa upande mwingine: kila sukari inapata lektini yake, hakuna inayobaki kushonwa na mfuko wa pili, na maji yanabaki maangavu. Kwa lipidi milimolari 0.1, pima mfululizo kuanzia miligramu 0.01 hadi 0.5 za lektini kwa mililita kabla ya kukata tamaa.

Kosa ninaloliona la kusikitisha zaidi ni la dekstrosi. Aliyezoea AmBisome anajua kwamba chumvi huiharibu, kwa hiyo hutengeneza kila liposomu kwenye dekstrosi ya 5%. Dekstrosi ni glukosi, gramu 50 kwa lita, milimolari 278. Konkanavalini A hushika glukosi pia, japo kwa nguvu ndogo kuliko manosi. Kwa wingi huo mashimo yake yote yamejaa kabla mfuko haujafika. Vivyo hivyo trehalosi na sukrosi za kulinda liposomu wakati wa kukaushwa kwa baridi: zitolewe kwa dialisisi kwanza.

Na ukungu ukipanda kweli, kazi haijaisha. Ongeza metili-manosi mpaka milimolari 50. Kama ni utambuzi, mifuko huachiana na maji huanza kung'aa ndani ya dakika chache. Yasipong'aa, ulichoona ni mifuko iliyogandana au kuungana kwa sababu nyingine, na grafu ya kupanda peke yake haina thamani.

Wapinzani wana mambo matatu mengine ambayo siwezi kuyapuuza. La kwanza: makrofaji iliyoamshwa na interferoni gama, protini ya ishara ya kinga, hupunguza vipokezi vya manosi. Yaani pale uvimbe unapowaka, mlango tunaoutegemea huwa umefungwa nusu. Hilo linauma hasa kwa TB, ambapo hoja ya manosi inavutia sana kwa sababu bakteria mwenyewe anaitumia: LAM yake, molekuli ya ukuta wake ileile inayotafutwa kwenye kipimo cha mkojo kwa wagonjwa wa HIV, ina kofia za manosi, na kwa kofia hizo hujipitisha kwenye CD206. Ya kwamba mdudu anafaulu kwa njia hiyo mwanzoni mwa maambukizi haituhakikishii kwamba dawa itafaulu miezi baadaye.

La pili: damu ina lektini yake ya kushika manosi, MBL, ambayo ikikuta safu ya manosi huamsha komplimenti, mfumo wa kinga wa protini za damu. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu kwa sababu za kurithi, na mabadiliko ya jeni yanayokipunguza ni ya kawaida Afrika kusini mwa Sahara. Liposomu ileile inaweza kuwa shwari kwa mgonjwa mmoja na kumletea mwenzake baridi na shinikizo la kifua. Panya wa maabara hawatakuonyesha tofauti hiyo.

La tatu ni ukubwa, na hili ni la hepatosaiti. Kipokezi cha asialoglikoprotini hushindwa kuingiza chembe zinazozidi nanomita 70 hivi. Liposomu ya nanomita 100 yenye galaktosi nzuri kabisa huishia kwa Kupffer. Kwa hiyo kwa hepatosaiti nakubali: GalNAc tatu zilizoshonwa moja kwa moja kwenye siRNA zimeushinda mfuko, na inklisirani, sindano ya namna hiyo ya kushusha kolesteroli ambayo baada ya dozi za mwanzo hudungwa mara mbili kwa mwaka, ni ushahidi tosha. Yanayobaki kwa liposomu yenye sukari ni makrofaji, na dawa ambazo haziwezi kushonewa sukari bila kuharibika, au zinazohitaji kubebwa kwa maelfu ya molekuli kwa safari moja. Amfoterisini ni mojawapo.

Hilo si eneo dogo, wala halihitaji kiwanda ili kuanza. Linahitaji ripoti zinazosema sukari ngapi ziko nje, si ngapi zilitiwa. Zinazotenganisha seli za ini kabla ya kupima dawa. Na zenye kidhibiti kimoja, yaani sampuli ya kulinganishia, ambacho karibu kila mara hukosekana. Liposomu tupu si mlinganisho wa haki kwa liposomu yenye manosi, kwa sababu sukari yoyote hubadili maji na chaji iliyouzunguka utando, na hilo peke yake linaweza kubadili nani anaumeza. Mlinganisho wa haki ni liposomu yenye galaktosi, kwa mnyororo uleule, asilimia ileile na kipenyo kilekile. Manosi na galaktosi zina uzito sawa na atomi sawa. Zinatofautiana kwa mwelekeo wa hidroksili mbili tu, ya kaboni ya 2 na ya 4. CD206 huitambua ya kwanza na kuiacha ya pili. Kama makrofaji zitachukua zote mbili sawasawa, wapinzani wameshinda, na kwa gharama ya mikromoli moja zaidi ya lipidi.